Programu Tulishamaliza

Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Agosti ndipo darasa la mke wangu lilipopotea. Aliyelipoteza ni mimi, mwanangu, na mpaka leo sielewi vizuri.

Kila likizo, Kanana alifundisha watoto kusoma katika ukumbi wa kanisa hapa Kibirichia. Kaunti ilileta vitabu na unga wa uji. Alifariki Julai. Siku chache baada ya mazishi, karani wa wadi akanipigia simu. Mezani kulikuwa na rundo la karatasi za mazishi zilizobaki, zenye picha yake na historia ya maisha yake, zile tunazoita programu.

"Pole, mzee. Nauliza, ile programu ya mama bado iko?"

"Programu tulishamaliza," nikajibu. "Hatuhitaji zingine."

"Sawa. Basi nitaandika hivyo."

Nikamshukuru. Nilidhani ni mtu mwema anayetaka kutuchapishia zaidi.

Jumatatu hiyo watoto wakaja na vikombe vyao, wakakuta ukumbi umefungwa. Nikaenda kwa karani. Akafungua faili polepole. Pesa za darasa zilikuwa zimepelekwa kujenga kalavati kwenye barabara ya sokoni.

"Lakini mzee, si ni wewe ulisema imeisha?"

"Nilisema zile za mazishi."

Akavua miwani. "Uui, mzee. Na mimi nilikuwa naongea ya watoto."

Akaniambia niandike barua, labda mwaka ujao. Sijui kama kosa ni langu, ni lake, au ni la hilo neno. Hata kalavati siwezi kuichukia. Mvua ikinyesha, viazi vyetu vilikuwa vinakwama pale.

Mwanangu, ukiwa na msiba, mpe mtu mwingine simu akupokelee. Na ukiulizwa juu ya kitu cha watu wote, hata kama neno unalijua, uliza: unasema ipi? Usione haya, hata kama uliachia shule darasa la tano kama mimi. Mungu akupe masikio yaliyotulia, na akupe watu wa kukusemea siku ambayo wewe huwezi.

Jumanne, kesho yake baada ya kutoka kwa karani, nilifungua ukumbi. Vitabu havikuwepo, kwa hiyo nikawagawia watoto zile programu. Makena, mjukuu wa jirani, ambaye huniita Guka, yaani babu, akafuata maneno kwa kidole.

"A-me-a-cha." Akainua kichwa. "Guka, ameacha nini?"

Nikamwambia aendelee kusoma.