Mafuta Hupakwa Ngozi Ikiwa na Unyevu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Muhuru Bay, sikupewa sindano wala bendeji. Afisa wa kliniki, msimamizi wetu, alinikabidhi debe la mafuta ya mgando, kijiko na rundo la karatasi.

"Sista, hapa ngozi kavu ndiyo foleni yetu," akasema. "Na usimpe mtu kitu kabla hujajua anaoga na nini."

Niliitikia kwa adabu, nikasahau kabla ya chai ya saa nne.

Nyinyi wauguzi wa leo mna marhamu kwenye mirija. Sisi tulichota mafuta kwa kijiko, tukayafunga kwenye karatasi kama chumvi ya dukani. Nazikumbuka mno asubuhi zile: omena, wale dagaa wa ziwani, imeanikwa kwenye nyavu hadi karibu na mlango wetu, harufu yake imeingia mpaka kwenye faili, na wanawake wanaoigeuza wanatusalimia kwa kelele.

Mmoja wao alikuwa Mama Achieng. Viganja vyake vilikuwa na mipasuko, yaani ngozi imekauka hadi ikachanika na kutoa damu, na magamba yalifika viwikoni. Nikampa mafuta. Akarudi akiwa na hali mbaya zaidi, nikampa tena. Mara ya tatu nikamfokea.

"Hupaki wewe! Mafuta ya serikali unayapeleka wapi?"

"Napaka, Sista. Kila siku napaka. Hii kitu inakataa tu."

Hakurudi tena. Jirani yake ndiye aliyenieleza kwamba watu walikuwa wakinong'ona kuwa ana chira, ile laana inayosemekana humla aliyevunja mwiko. Wakwe wa bintiye walikuwa waje baada ya wiki tatu, na mashemeji walishaamua Mama Achieng asipike wala asiguse chombo. Angekaa kwa jirani mpaka wageni waondoke. Mama mzazi wa bibi harusi!

Nikaenda kwake siku hiyohiyo. Nilimkuta ananawa kwa konzi nzima ya sabuni ya kufulia, na jivu juu yake, akijisugua kwa gunzi la mahindi.

"Mkono ikinuka omena, watu ya kanisa wanakunja pua," akasema. Kisha akasimama juani mpaka mikono ikakauka kabisa, ndipo akapaka mafuta yangu. Nilitaka kulia. Mafuta hayo hayaongezi maji kwenye ngozi, yanafungia tu yaliyopo, na yeye alikuwa akiyakausha maji yote kabla ya kupaka. Sikuwa nimemuuliza hata swali moja.

Tukaanza upya: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, kujipangusa taratibu bila kusugua, na mafuta papo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu. Akigeuza omena, avae glavu. Nilipomshika mikono nimwonyeshe, alishtuka.

"Sista, unanishika?"

"Kwa nini nisikushike?"

"Ile mara tatu haukunishika. Ulikuwa unaweka karatasi kwa meza."

Ilikuwa kweli. Mimi pia nimelelewa huku, na neno chira nililisikia nikiwa mgongoni mwa mama. Nikaendelea kumpaka.

Wageni walipofika, mipasuko ilikuwa imefunga, na yeye ndiye aliyewanawisha na kuwapakulia. Nilikuwepo, nikala nikashiba.

Baadaye nilihamishiwa Osiri, kwa wachimba dhahabu wenye nyayo zilizochanika, kisha Rodi Kopany, nilikostaafu. Matroni wa huko alizoea kunitania: "Sista, unasalimia ama unatibu? Foleni imefika barabarani!" Nilikuwa namshika kila mgonjwa mkono kabla sijashika kalamu. Sijutii foleni zile.

Kila nilipopita Muhuru Bay nilimtembelea Mama Achieng, naye kila mara alinifungia omena ya kwenda nayo. Habari za kifo chake zilinifikia ameshazikwa. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwomba msamaha, na kila nilipofika nilimuuliza tu mikono inaendeleaje.