Imbwa Isiyojua Samaki

Pale Kabuta, kijiji cha kando ya ziwa, imbwa zote zilikula samaki. Vichwa, matumbo, miiba, chochote kilichobaki kando ya maji kilikuwa chakula chao, na hakuna mutu aliyeshangaa. Mwaka ule wa 1999 imbwa moja tu ilikula bukari, yaani ugali, na maharagi, na mwenye imbwa ile alikuwa Mama Ngalula.

Mama Ngalula alikuwa Mukongomani wa Pweto. Zamani alivuka ziwa na bwana yake kufanya biashara, bwana akafa, yeye akabaki. Watoto wake walikuwa Lubumbashi, na vita ilikuwa imefunga njia. Kazi yake ilikuwa chisense, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi. Wengine waliwamwaga juu ya muchanga, na mutu aliyewanunua alitafuna na muchanga wao. Ngalula alianika juu ya majani makavu aliyokata kwa mukono wake, na wanunuzi kutoka muji wa Mansa wakifika walimuuliza kwa jina. Alilijua jambo hilo, na alitembea kama mutu anayelijua.

Ile imbwa aliichukua ingali ndogo, macho yamefunguka juzi tu, akaiita Kapita, jina la musimamizi wa kazi, maana kazi yake ilikuwa kusimamia. Bata, kunguru, mbuzi, wote walitaka chisense. Lakini imbwa iliyoonja samaki haiwezi kulinda samaki. Kwa hiyo Kapita haikupewa hata gamba moja. Ilikua kati ya harufu ya samaki kutwa kucha, bila kujua kwamba samaki ni chakula.

"Mama Ngalula, unaitesa hii imbwa," jirani yake Eneless alikuwa akisema. Eneless, aliyeitwa Bana Mutale, yaani mama wa Mutale, alikuwa Mubemba mwenye mudomo mukali, na walianika pembeni kwa pembeni. "Imbwa ya ku ziwa inakula maharagi kama mutoto wa bweni?"

"Yako inakula samaki, Bana Mutale. Njo maana unaanika beseni mbili, unaanua moya."

Wanawake wote walicheka. Eneless naye alicheka, ila aligeuza uso kwanza.

Kikohozi kilianza wakati wa baridi. Ngalula alisema ni moshi. Kisha kitambaa kikapata damu, na mwili ukaanza kupungua ndani ya nguo. Ku hospitali ya Nchelenge dokta alimuambia ni tibi, kifua kikuu, na atalala pale miezi, sindano kila siku.

"Umechelewa, mama," dokta akasema. "Sitakudanganya."

Ngalula akaomba arudi kwanza kupanga mambo yake. Jambo lenyewe lilikuwa moja, nalo lilikuwa na mukia.

Alipofika nyumbani, kabla hajakaa chini, Ba Elliot mwenye mitumbwi alikuwa amefika. "Nipatie Kapita," akasema. "Kwangu itanenepa."

"Itakula nini?"

"Samaki, mama. Haziko nyingi?"

Ngalula akasema atafikiri. Watu wa kanisa nao walikuja, wakamuambia aiache tu, imbwa ni imbwa, afikiri roho yake. Ngalula alifikiri imbwa. Akiitoa, watu wote watasema Ngalula ameanza kugawa vitu vyake kama mutu asiyerudi. Akiiacha bila mutu, njaa itaifundisha kuiba, na imbwa aliyoilea kwa akili yake yote itakuwa kama zingine. Mawazo yale yalimuuma kuliko kifua.

Muchana alijilaza ndani, mulango wazi. Eneless alikuwa pale inje, anakula, akifikiri mwenzake amelala. Kapita ikaenda ikakaa mbele yake, ikiangalia mudomo unavyotafuna.

Sasa ataitupia samaki, Ngalula akasema moyoni. Akataka kuita, pumzi haikutosha.

Eneless akamega bukari. Akaitazama ile tonge, akaona chisense moja imenata, akaitoa kwa kucha. Akaigeuza tena, akakwangua pale palipokuwa na muchuzi. Ndipo akaiweka chini.

"Kamata, kapita wa bure," akasema. "Mwenye kukulea ana kichwa kigumu. Lakini kazi ameifanya."

Ngalula akainuka, akashika mulango. "Bana Mutale."

Eneless alishituka. "Sikuipa samaki."

"Nimeona. Tangu lini unaikulisha?"

"Tangu ulianza kukonda. Weye unashindwa kupika uji wako mwenyewe. Ulizani nani anaikulisha, malaika?"

Ngalula akakaa pale pale mulangoni. Alikohoa, akapangusa mudomo, akangoja mpaka sauti yake ikasimama vizuri.

"Uichukue."

"Nitakuchungia mpaka utarudi."

"Hapana. Sikuwekeshi. Nakupa."

Eneless akaweka sahani chini. "Batu watasema unagawa vitu."

"Waseme. Nikirudi, nitakuja kuiangalia kwako kama mugeni. Sitaiomba. Kitu kama hii unaipatia mutu anayeijua, halafu unaondoa mukono."

"Na ile yangu imezoea samaki? Nitaiweka wapi?"

"Umupatie Ba Elliot."

Walicheka sana, Ngalula mpaka kikohozi kikamukamata, na Eneless akamushika mugongo.

Asubuhi Ngalula alivaa kitenge chake cha Lubumbashi, akafunga kilemba juu. Majirani walitaka kumubeba kwa kinga, yaani baiskeli, akakataa. Atatembea mwenyewe mpaka barabara, hata kama atapumzika mara nyingi. Kapita ikamufuata. Walipofika mwisho wa majani ya kuanikia, Eneless akaiita kwa nyuma. Ikasimama, ikatazama huku, ikatazama kule. Ngalula aliendelea kutembea polepole, na alipogeuka, imbwa ilikuwa inarudi mbio kwa Eneless, masikio yamelala.

Kwenye barabara alikutana na mwanamuke mumoja wa kanisa, ana ndoo ya maji kichwani, anaangalia Kapita kule nyuma miguuni pa Eneless.

"Mama Ngalula, ile imbwa si yako?"

"Hapana," Ngalula akajibu, akinyoosha shingo. "Ni ya Bana Mutale. Miye njo niliilea."