Herufi P Haikuwaka

Mimi ni mtu wa kujipamba, na gari langu vilevile. Siku moja kabla ya kumpeleka mama hospitalini Upper Hill kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nililipeleka likaoshwe kila mahali, hadi injini. Waliuelekeza mpira wa maji chini ya boneti kana kwamba wanazima moto. Nikaenda kulala kwa mama, Riruta, nikijiona binti wa maana.

Asubuhi, mama akiwa ameketi kando yangu, nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka, redio ikaimba, lakini stata haikutoa hata mlio.

Mama alikuwa ameingoja nafasi hiyo ya upasuaji miezi mingi, na miezi hiyo hiyo alikuwa akitafuta sababu ya kuikwepa. Jicho la kulia lilikuwa limefunga, la kushoto lilikuwa njiani, lakini mara presha, mara mvua, mara kuku wake. Sasa nilikuwa nimempa sababu safi, iliyooshwa kwa sabuni. Akafungua mkanda.

"Gari imekataa. Turudi tukunywe chai," akasema, amechangamka kupita kiasi.

"Mum, ngoja! Ni betri tu."

Haikuwa betri. Nilimwita mpangaji wake, fundi wa nyaya za magari, akaja na ndara miguuni na kikombe mkononi. Akaonyesha kwa kidole pale kwenye dashibodi ambapo P, ya gia ya kuegesha, huwaka. Hapakuwa na herufi yoyote.

"Madam, uliosha injini, si ndio?"

Nilitazama pembeni.

"Kuna swichi hapo kando ya giaboksi. Hiyo ndio huambia kompyuta gia iko wapi. Sasa imeingia maji, kompyuta haijui kama uko P ama uko D. Haiwezi ruhusu stata, sababu gari inaweza ruka na watu."

Mama, mguu mmoja tayari nje, akageuka. "Kwa hivyo haijaharibika? Inaogopa tu?"

"Inaogopa tu, shosho."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hata mimi naogopa. Wakikosea, nitabaki na giza."

Sikuwahi kumsikia akikiri kuogopa kitu. Hasira zangu zote za asubuhi ziliniisha, nikatamani kulia.

Fundi akanielekeza: nikanyage breki, niweke N, gia huru, nizungushe ufunguo huku nikitikisa gia polepole hadi swichi ishike. Nilitikisa kwa pupa, nikakosa mara tatu.

"Toa mkono," mama akasema.

Alirudisha mguu ndani, akafunga mlango, akaishika gia mwenyewe. Mimi nikazungusha ufunguo. Angeweza kuiacha ilivyo, na nisingejua. Aliisukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, kama anayetafuta kitasa gizani. N ikawaka, stata ikalia, injini ikanguruma.

"Haya, endesha," akasema, akifunga mkanda. "Na usizime mpaka tufike."