Siku Aliyocheka Dada Paulina

Kila mgeni anayeingia kwangu huinua macho ukutani na kuuliza, "Huyu ni nani anayecheka hivi?" Namjibu ni dada yangu Paulina, kula muhogo wako. Sipendi kuulizwa. Lakini watu wa Newala wameshasema ya kwao kuhusu picha ile, tena wamesema vibaya, na wa kwanza kusema vibaya nilikuwa mimi, Josephina, mdogo wake wa tumbo moja. Basi leo nitasema yote, anayetaka kukasirika akasirike.

Dada alizaliwa mwaka wa nzige, ndivyo mama yetu Emilia alivyohesabu. Kijiji chetu kiko juu, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuanza. Maji yako chini. Ukizaliwa mwanamke kwetu umezaliwa na mtungi kichwani: unashuka alfajiri, unapanda jua likiwa kali, na ukijikwaa njiani nyumba nzima inalala na kiu. Dada alibeba mtungi wake tangu ana miaka saba na sikuwahi kumsikia akilalamika. Mlalamishi nilikuwa mimi.

Akaolewa na Marko. Marko akaenda Tanga kukata mkonge, dada ana mimba ya miezi mitano, akaahidi kurudi korosho zikianguka. Korosho zimeanguka mara nyingi tangu hapo, Marko hatukumwona. Mtoto akazaliwa wa kike, akabatizwa Cecilia. Kwa ajili ya mtoto huyo dada akaenda bomani kutafuta kazi, akaipata kwa bwana mmoja Mwingereza aliyekuwa akipima barabara. Mke wa bwana alikuwa na mtoto mdogo, Arthur. Kazi ya dada ikawa kumbeba Arthur, kumwogesha Arthur, kumlaza Arthur. Cecilia akabaki kijijini kwa mama na mimi, na dada akimwona Jumapili.

Kwetu mwanamke mwenye mtoto haitwi jina lake. Yule mzungu tukamwita Mama Arthur, naye alifurahi sana, akasema ni jina zuri kuliko lake. Lakini yeye alimwita dada yangu Ayah, yaani yaya tu. Ayah lete maji, Ayah mtoto analia. Miaka mitatu!

Mwaka wa hamsini na tano bwana alipata likizo ya miezi sita kwao, na memsabu, huyo mkewe, akataka dada aende nao. Mama alikataa katakata. "Mtoto ana miaka minne, unamwachaje uvuke bahari ukamlee wa mwenzako?" Haki ya Mungu, aliyesema "Dada, nenda, mtoto nitamlea mimi" ni mimi. Nilitaka aniletee kitambaa. Mnaona nilivyo?

Siku ya kuondoka dada alichukua uzi wa katani, akampima Cecilia unyayo mtoto akiwa amelala, akafunga fundo.

Mama akang'aka, "Weee Paulina! Aliyelala hupimwa na wachimba kaburi!"

"Mama nawe! Nataka kumnunulia viatu huko."

Akauweka uzi kifuani, akapanda lori la kwenda Mtwara kuipata meli. Cecilia alipoamka alimtafuta nyuma ya nyumba, akarudi, akakaa mlangoni.

Surua ikaingia kijijini mwezi wa nne. Ilianza kwa mtoto wa Fatu jirani yetu, ikaenda nyumba kwa nyumba. Cecilia alipofumba macho akakataa hata maji, nilimfunga mgongoni nikaanza njia ya hospitali ya misheni. Njia ni ndefu. Alikuwa moto, namsikia mgongoni, anapumua kwa shida, ananiuliza mama yuko wapi, namwambia yuko mbele, tunamfuata. Kisha mgongo wangu ukapoa. Nikaendelea kutembea. Sikutaka kumfungua, maana nikimfungua nitajua. Nilikutana na mzee mmoja na mkewe wakitoka shambani, ndio walionishika mkono wakanikalisha. Ilikuwa tarehe tatu Mei. Kesho yake wanaume walipokuja na unyasi kumpima mtoto ili wakachimbe, mama alinitazama, na mimi nikatazama chini.

Tulipotoka makaburini nilikwenda moja kwa moja bomani kwa Bartholomayo, karani wa yule bwana. Akaniandikia simu ya maandishi ya kuiwahi meli: Cecilia mtoto wa Paulina amekufa kwa surua, mjulisheni mama yake. Siku ya nne majibu yakaja. Bartholomayo akanitafsiria, akaandika Kiswahili chake chini ya karatasi ile na tarehe yake, saba Mei, imetoka Port Said: "Paulina ameambiwa. Anawapa pole. Hawezi kurudi sasa."

Basi tukangoja. Tulijua amejua. Tulingoja barua, haikuja. Tulingoja salamu, kimya. Mama hakuanua matanga. Alisema matanga ya mtoto hayaanuliwi mama mzazi hajanyolewa, na akakaa na kaniki yake miezi sita, akilala chini. Na watu hawana dogo. Kisimani kule bondeni nilisikia wanawake wakisema, "Msiba wa kujitakia hauna kilio," na wengine, "Amegeuka mzungu yule, mtoto ni nini kwake?" Sikuwajibu. Niliona wanasema kweli. Uchungu wangu wote niliugeuza hasira, na hasira yote nikamwekea dada.

Alirudi mwezi wa kumi na moja, kwa miguu kutoka bomani, na sanduku kichwani. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Akapiga magoti mbele ya mama.

"Shikamoo, mama."

Mama hakujibu. Mnajua kwetu kutoitikia shikamoo ya mwanao ni nini? Ni afadhali kumpiga fimbo. Dada akarudia, "Shikamoo, mama," na mama akageuza uso ukutani. Fatu na wanawake wengine waliokuja kumpokea wakaanza kutazamana.

Dada akafungua sanduku. Akatoa kiboksi, ndani yake viatu vyeupe vya mtoto vyenye kifungo ubavuni. Akatoa na picha hii, akampa mama. Mama hakuipokea, nikaipokea mimi.

"Sikumsahau," akasema. "Mungu anajua. Hapo kwenye picha ndipo nilipovinunua. Meli ilisimama siku moja kwenye kisiwa, mji mdogo, nyumba zimepandana juu ya bandari. Memsabu akaniambia leo usifue nguo, twende tutembee. Nilishangaa, lakini nikaenda. Kuna uwanja mbele ya kanisa, na samaki wa jiwe anatema maji, mama, yanamwagika tu mchana kutwa wala hakuna anayekinga. Nikajikuta natafuta ndoo. Na wanawake wazee wote wamevaa nyeusi tupu kama kaniki za matangani, wamekaa milangoni. Nikadhani mji una msiba. Mmoja alinigusa shavuni, kwenye nembo zangu za chale, nikamwambia pole, bibi, Mungu atawafariji. Nilimpa pole kwa Kiswahili, hakujua nasema nini, akanishika mkono."

Mimi hayo sikuyasikiliza. Nilikuwa naitazama picha. Huyo hapo dada, kwenye ngazi za bandari, gauni jeupe la kazi, Arthur mkono huu, kiboksi kwapa lile, na anacheka. Anacheka meno yote nje! Nikageuza nyuma. Mpiga picha alikuwa ameandika kwa wino: 11.5.55.

Mimi nimesoma shule ya misheni Lulindi, tarehe naijua. Nikaingia ndani, nikatoa ile karatasi ya Port Said kwenye kitabu changu cha sala, nikaja nikaiweka mapajani mwake mbele ya watu wote.

"Tarehe saba uliambiwa. Tarehe kumi na moja unacheka na kununua viatu! Viatu vya nani? Mtoto nilimzika tarehe nne! Huna haya, Paulina? Huna hata haya?"

Fatu akasema, "Loo!" na kushika mdomo.

Dada aliitazama karatasi. Kusoma anasoma kidogo, kidole chini ya neno. Alifika kwenye jina lake, akasimama hapo, akarudi mwanzo.

"Nani aliambiwa?" akauliza.

"Wewe."

"Mimi niliambiwa tulipofika kwao Ulaya. Mwezi wa sita, tarehe mbili, siku ya Alhamisi. Memsabu aliniita sebuleni, akaniwekea chai kwenye kikombe chao, akasema simu imefika leo. Nikamwomba nirudi, akasema meli hakuna. Nikamwomba aniandikie barua kwenu, akasema ameshaandika." Akaweka kidole kwenye ile saba. "Leo, aliniambia. Imefika leo."

Nikaanza kuona nilichofanya, lakini dada hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anahesabu, unaona midomo inatembea: saba, nane, tisa.

"Basi alijua," akasema polepole. "Dukani alijua. Nilitoa uzi wangu, mwenye duka akaanza kucheka. Memsabu akamkemea, akauchukua yeye uzi, akaupima kwenye kiatu mwenyewe, kimoja, kingine, mpaka fundo likafika sawa. Alipiga magoti sakafuni. Akalipa yeye. Nikasema memsabu, wewe mtu mwema. Akatoka nje akasimama uani na kitambaa usoni. Nilifikiri ni jua."

"Yesu wangu," akasema Fatu.

"Na aliniita Mama Cecilia, mama. Pale ngazini wakati wa picha. Miaka mitatu naitwa Ayah, siku ile ananiambia, simama hapa, Mama Cecilia. Sikuwahi kumwambia jina la mtoto, hakuwahi kuniuliza. Nikasema moyoni, leo kaniona mtu. Ndicho nilichokuwa nachekea hapo."

Jina alilipata kwenye simu yangu. Mimi ndiye niliyemwambia Bartholomayo aliandike.

Mama yangu alikuwa bado ameelekea ukutani. Akageuka. Akamtazama dada, akasema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba, marahaba," kwa zile shikamoo alizoziacha, na ndipo dada alipoanguka akalia kilio ambacho alikuwa hajapata mahali pa kukilia. Huko Ulaya, alituambia baadaye, alikuwa akilia bafuni huku amefungua bomba, mtoto asishtuke. Mama alimnyoa mwenyewe siku ile ile, kwa wembe, taratibu, na matanga yakaanuliwa. Viatu vikazikwa pembeni ya kaburi na uzi wake. Mimi nilichimba.

Kumwomba radhi? Nilimwomba. Alisema, "Hukujua." Laiti angenitukana.

Baada ya wiki memsabu akaja, na gari, na mfuko wa sukari na doti ya khanga. Alikuwa anamtaka dada kazini, maana Arthur alikuwa anamlilia. Akasimama nje ya kizingiti.

"Hodi, Mama Cecilia."

Nilitaka kutoka na mchi. Mama akanishika khanga. Dada alitoka yeye, kichwa kinang'aa, akasimama mbele yake.

"Jina ulinipa kisiwani, memsabu. Habari ukabaki nayo."

Memsabu akalia, machozi ya kweli, siwezi kumsingizia. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba aliogopa, meli katikati ya bahari, watu hakuna, dada atafanya nini na uchungu huo? Alitaka apate siku moja nzuri kwanza. Halafu kila siku ikawa ngumu zaidi kusema.

Wapo wanaoniambia hiyo nayo ni huruma. Huruma gani? Walimwandikia mama yangu uongo ili wasikose yaya njiani, mama yangu akamlaani mwanawe miezi sita ndani ya kaniki. Siku nzuri aliitaka yeye memsabu, apate kulala. Mpaka leo sijamsamehe, na padri anajua.

Dada hakurudi kazini. Alilima muhogo, akaokota korosho, akashuka bondeni na mtungi wake kama zamani. Hakuolewa tena. Watu wakimwita Mama Cecilia aliitika, lakini kila mara alikawia kidogo kwanza.

Sasa hii picha. Jioni ile ile ya kunyolewa niliichukua niitupe motoni jikoni. Nilikuwa siwezi kuyatazama yale meno. Dada akanipokonya.

"Usiichome, Josephina," akasema. "Hapo bado nina mtoto."