Mate Yangu Yalivyoleta Matanga Kisiwani

Aibu yenyewe mnaijua, kwa hiyo sitajifanya. Ile sauti niliyojirekodi kwenye simu imeshazunguka kutoka mtaa wetu wa Alby mpaka ule wa Hallonbergen, na hata watoto wa Mama Hellen, ambao ukiwaamkia kwa Kiswahili wanakujibu Kiswidi, wakinikuta kwenye ngazi wanashika kifua na kulia "mate, mate". Sawa. Lakini ninyi mmesikia sauti tu, mimi ndiye niliyekuwa pale, basi tulieni niwaeleze.

Niliondoka asubuhi moja ya theluji bila mpango wowote. Kibarua cha kufagia ofisi kilikuwa kimeisha, nikapita kwa Mama Hellen kunywa chai, nikamwambia yeye na Bahati (Mkongomani ninayeishi naye) kwamba naenda kwenye kisiwa fulani cha Pasifiki nilichokiona kwenye ramani ya maktaba, kisiwa ambacho jina lake lilikuwa refu kuliko chenyewe.

"Wewe?" Mama Hellen akasema. "Wewe ambaye ukipanda treni ya kurudi Alby unasinzia mpaka kituo cha mwisho, Norsborg?"

"Mon frère, ndugu yangu," Bahati akauliza, "kule utalala kwa nani?"

"Nitalala," nikasema, nikachukua begi. (Shule niliiacha mapema, lakini hakuna aliyenifundisha kuogopa mahali nisipopajua, na kwa hilo nawashukuru walimu.)

Neno hilo moja ndilo lililoniponza, maana baada ya kulitamka sikuweza kumwandikia mtu yeyote kutafuta chumba, ningekuwa nimekubali kwamba Bahati alikuwa sahihi. Nikapanda ndege, na ndege nyingine, na nyingine ndogo ambayo abiria tulipimwa kwenye mzani pamoja na mabegi yetu kama magunia ya viazi, kisha meli ya mizigo iliyobeba mchele, saruji na mimi. Nikatapika njia nzima.

Gatini alinisubiri mkubwa wa kisiwa, mzee mpole mwenye kaptula, akaniuliza kwa Kiingereza mimi ni mgeni wa nani. Nikamwambia sina mwenyeji, nitatafuta hoteli. Akatabasamu. Hoteli haikuwepo, wala gari, wala mtandao wa simu, na asiye na mwenyeji, akasema, hurudi na meli ileile ikimaliza kushusha mizigo. Hapo nikaona sura ya Mama Hellen akinifungulia mlango huku ameshaanza kucheka, nikaapa kwamba mimi kwenye meli ile sirudi.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikitabasamu kama mgombea kura, watu wakanitabasamia na kuendelea na kazi zao. Mwishowe nikakaa karibu na bibi mmoja aliyekuwa akichoma samaki kwa makumbi ya nazi, moshi ukanijaa machoni mpaka machozi yakashuka, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikatoa simu nimrekodie Bahati majigambo, niyatume siku nitakapopata mtandao. Sikuwa nimekula tangu nitapike.

"Kaka, sikia," nikasema, mkono kifuani. "Hapa ni mate. Nakwambia mate. Mate tu yananitoka, mate mpaka huku."

Bibi akaacha koleo. Akayatazama machozi yangu, akaja akakaa ubavuni mwangu, akanishika mkono na kuanza kulia. Akaja mwanamke mwingine, naye akalia. Wakamwondoa samaki motoni (hilo ndilo lililoniuma).

Sasa ninyi mngefanya nini? Nikajua kijijini kumefiwa. Na kwetu mtu hafiki penye msiba akaanza kuhoji nani kafa na kafa kwa nini, unakaa chini na kulia na wenzako, maswali baadaye. Basi nikalia. Nililia kama shangazi zangu, kwa sauti, huku nimeshika kichwa, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kuja. Mtu akagonga mtungi mtupu wa gesi ambao ndio kengele ya kanisa, mchungaji akafika akivaa shati njiani, nami nikaona matanga yamepwaya kidogo upande wa nyimbo, nikasimama nikaanzisha wimbo wa msiba wa kwetu. Wakauitikia vizuri sana bila kujua neno hata moja.

Meli ikapiga honi. Mkubwa wa kisiwa akaipungia mkono iende, nahodha akavua kofia, ikaenda.

Ilipokuwa nukta tu baharini nikamwinamia mchungaji, nikamuuliza kwa heshima, "Marehemu yuko wapi, nimuage?"

Akafuta macho. "Hata sisi tulikuwa tunangoja ututajie. Umefiwa na nani?"

Kumbe kwa lugha yao *mate* ni kufa, amekufa, kifo. Na mimi nilikuwa nimelisema mara nyingi, kwa machozi, mkono kifuani. Nikaeleza. Mchungaji akakosa neno la kutafsiri, ikabidi mimi mwenyewe, mbele ya kijiji kizima kilichovimba macho, nimwonyeshe samaki kwa kidole, nifungue mdomo, na kudondosha udenda.

Mkubwa wa kisiwa akatazama baharini, akanitazama mimi.

Bibi wa samaki ndiye aliyesema kwanza, mchungaji akatafsiri: "Mpeni ale, kabla hatujalia tena."

"Na atalala wapi?" akauliza mkubwa.

"Kwangu. Nimeshamlilia, ni wangu."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikapewa samaki, amepoa, na chumba chenye mkeka, chandarua na kuku aliyekuwa ameatamia mayai pembeni na hakupenda ujio wangu. Jua lilikuwa bado juu. Nikatoa simu niizime, nikakuta bado inarekodi.

Ningeweza kufuta. Sikufuta, na siku nilipopata mtandao niliituma mwenyewe, nzima, kwenu nyote, na nikimaliza kibarua hiki cha sasa nitaondoka tena hivihivi. Nilichoapa ni kimoja: ugenini, nikiona chakula, nitasema nina njaa. Lakini ninyi mnaoiga kilio changu kwenye ngazi, siku moja isikilizeni mpaka mwisho. Kuna bibi anasema neno moja fupi, halafu watu wanacheka. Anamjibu Bahati swali lake la siku ile ya chai.