Sista Pole Asaini Vitabu

Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na wachache: mumewe, ndugu zake na ofisi ya pensheni. Wengine wote walimwita Sista Pole. Miaka yote aliyouguza wodi ya wanaume hakuingia wala kutoka bila kusema "pole", hata kwa mfagizi, hata kwa daktari aliyechelewa kazini. Alipostaafu, miguu imevimba na mgongo umekataa, watu walitegemea atakaa kitako apumzike. Kukaa alikaa kweli, lakini kwenye meza ya jikoni, akaandika riwaya. Ilikuwa hadithi ya ndugu wawili waliogombania nyumba ya marehemu baba yao mpaka nyumba yenyewe ikawaangukia. Kuandika hakukumchosha. Kilichomchosha ni yaliyofuata.

Mara ya kwanza mwenye duka la vitabu alipomwalika aje asaini, alimwekea meza kule nyuma kabisa, baina ya ramani na vikokotoo. Sista Pole akakaa asubuhi nzima nyuma ya rundo la vitabu vyake, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Watu walimdhani mfanyakazi wa duka. Mmoja alimuuliza rula ziko wapi, mwingine akataka bahasha za kaki. Kufika mchana alikuwa anajua kila kitu mle ndani kinakaa rafu gani, na alikuwa amesaini nakala mbili tu: ya shemeji yake, aliyekuja kwa kuona haya, na ya mwenye duka mwenyewe, aliyemwonea huruma.

Mwenye duka alipompigia simu kwamba wajaribu tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Sista Pole hakumjibu ndiyo wala hapana. Jioni akamweleza wifi yake. Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa na duka la vitambaa na mdomo usiojua likizo.

"Mimi basi, wifi. Nimechoka."

"Basi nini?"

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama kitabu kizuri, watakitafuta."

"Methali hiyo aliitunga mtu ambaye hajawahi kufungua duka," wifi akasema. "Watu hawaji kwa sababu meza ipo. Wanakuja kwa sababu wameitwa. Wewe siku ile ulimwita nani?"

"Mwenye duka alibandika tangazo mlangoni."

"Haya, mlango umeita. Nakuuliza wewe."

Kweli Sista Pole hakuwa amemwita mtu. Aliona aibu, kama anayeomba.

Basi wiki ile ikawa ya simu. Na simu za manesi wastaafu si za kusema neno ukakata. Huwezi kumfikisha mtu kwenye kitabu kabla hujaulizia presha ya mumewe na goti la mkwewe. Wengine walitumia nafasi hiyo kutaka ushauri wa vidonda vya tumbo. Jioni sauti ilikuwa imemkauka, na mumewe, dereva mstaafu asiyependa maneno mengi, alikuwa akimwekea glasi ya maji mkononi.

Wifi hakumwachia hata hapo. Alitaka asikie ukurasa utakaosomwa mbele ya watu. Sista Pole akasoma ule alioupenda, wa mvua kuanguka juu ya bati la nyumba ya marehemu. Wifi akapiga mwayo.

"Mvua nzuri," akasema, "lakini watu watakuwa wamesimama. Soma pale wanapogombania kitanda."

"Pale ni upuuzi mtupu."

"Ndiyo hapo hapo."

Jumamosi ilipofika, meza ilikuwa imesogezwa karibu na mlango, mahali ambapo mtu hawezi kuingia dukani bila kuikwepa. Wifi aliifunika kitambaa cha buluu kutoka dukani kwake, akaweka kalamu kadhaa na vikaratasi vya watu kuandikia majina yao kwanza, maana mtu ukimkosea jina lake, kitabu umekiharibu. Kisha akachukua kiti akakificha nyuma ya kaunta.

"Na mimi nikae wapi?"

"Husemi na watu umekaa. Wakikuona umekaa wanakuona karani."

Sista Pole akasimama. Magoti yalilalamika, akayaambia pole.

Manesi walifika kwa kishindo, wengine wamevaa kama waendao harusini. Aliposoma kisa cha kitanda, ndugu mmoja amelala juu yake na mwingine anang'oa misumari chini, duka zima lilicheka. Waliokuja kununua madaftari ya watoto wakasogea kusikiliza, na wengine wakaunga mstari bila kujua vizuri ni wa nini. Mwenye duka alitabasamu mpaka miwani ikapanda.

Lakini mstari haukwenda. Kila mtu alikuwa na lake. Huyu alisema babake alilala wodi ile. Yule alisema, "Ulinichoma sindano, sitasahau," akacheka, na Sista Pole naye akacheka kwa mara ya sijui ngapi. Vidole vilianza kukakamaa. Aliuliza kila jina, akaandika, akashukuru, na moyoni akatamani kile kiti kuliko kitu chochote duniani.

Ndipo akafika mama mmoja mwembamba, amejitanda mtandio mweusi. Kitabu alikikumbatia kifuani, hakukiweka mezani.

"Mume wangu alifia kwako," akasema. "Kitanda cha dirishani. Alikuwa fundi saa. Unamkumbuka?"

Wifi, aliyesimama pembeni, akamkazia macho Sista Pole: sema ndiyo, yaishe. Na Sista Pole angeweza kusema. Amesema ndiyo za namna hiyo mara nyingi, ni sehemu ya kuuguza. Lakini siku ile alikuwa amechoka mno hata kudanganya kwa wema. Aliwaza vitanda vya dirishani, na wanaume waliovilalia mmoja baada ya mwingine, nyuso zikamchanganyikia.

"Hapana, mama," akasema. "Nimejaribu. Simkumbuki. Pole sana."

Yule mama akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali," akasema. "Kila ninayemuuliza ananiambia anamkumbuka. Nikimuuliza alikuwaje, ananitajia mtu mwingine kabisa."

"Alikuwaje?"

"Mbishi!" Akacheka kidogo, macho yamejaa. "Alibishana hata na saa. Niandikie jina lake humo, si langu."

Akamtajia jina herufi kwa herufi, na Sista Pole akaliandika taratibu. Mama akasoma, akafunga kitabu, akaondoka. Kijana aliyefuata kwenye mstari akapitiliza hadi nyuma ya kaunta, akaleta kiti. Safari hii wifi hakusema neno.

Vitabu viliisha kabla ya alasiri. Mwenye duka akaja anasugua mikono, tayari na mpango wa mwezi ujao, hotuba, na wageni wa kutoka magazetini.

"Baba," Sista Pole akamkata, "niache kwanza nikajinyooshe."

Wifi akamrudisha nyumbani kwa teksi. Mumewe alikuwa sebuleni na redio.

"Wamekuja?"

"Wamekuja."

"Wengi?"

"Wengi mno," akasema, na kwenye sofa, viatu miguuni, kabla hajaulizwa kama atakula, usingizi ukamchukua. Mume akapunguza sauti ya redio, akaenda kufunika chakula.