Maji ya Kithimani Mezani kwa Mkurugenzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mizani ya kuning'iniza, ubao wa kubania karatasi, na onyo. Onyo lilitoka kwa Msimamizi wa Bei, mzee mfupi aliyevaa koti la suti hata jua likiwaka. Alinipa tukiwa tumesimama katikati ya soko moja la mashariki mwa Nairobi, wachukuzi wakitupiga vikumbo na magunia ya kabeji.

"Usizoeane na muuzaji," aliniambia. "Siku atakayojua jina lako, kazi yako imeharibika."

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Murang'a na cheti changu cha hesabu, na nilimwona mzee ana roho ngumu tu. Nyinyi mnaoingia kazi hii leo na simu zinazojumlisha zenyewe, kaeni na lile neno. Mimi nililisikia kwa sikio moja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ili serikali ijue gharama ya maisha, ofisi yetu ilikuwa na orodha ya vitu ambavyo nyumba ya kawaida hununua kwa mwezi: unga, sukari, mafuta ya taa, nyama, sukuma wiki, kodi ya nyumba, nauli. Orodha hiyo tuliiita kapu. Kila mwezi mkusanyaji bei alirudi kwenye kibanda kilekile, akanunua kitu kilekile, akaandika bei. Vitu visivyo na uzito uliopigwa chapa, kama fungu la nyanya au gorogoro ya maharagwe, ulivipima kwa mizani yako ukishafika pembeni. Muuzaji anaweza kuacha bei ilivyokuwa na kupunguza nyanya mbili kwenye fungu. Anaweza pia kugonga kitako cha gorogoro kiingie ndani, mkebe uonekane umejaa. Kwa hiyo ulipima kila kilichotiwa kwenye mfuko wako, ukagawanya bei kwa uzito, ukapata bei ya kilo. Nairobi nilifanya hivyo kwa miaka tisa na hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza naitwa nani. Kule mtu hana nafasi hiyo.

Kisha nikahamishiwa Kithimani, mji mdogo wa Ukambani.

Mume wangu, Baba Njeri, ni fundi wa viatu. Alikunja kiwanda chake kikaingia kwenye gunia moja, tukatoka mtaa wetu wa Kayole, Nairobi, na mtoto wetu na vitanda viwili. Wiki ya kwanza nilidhani tumeingia peponi. Kodi iliyokuwa ikilipa chumba kimoja cha Kayole, chenye choo cha kushirikiana na milango kumi, ilitupa vyumba vitatu, ua wa kuanika nguo na mahali pa kufugia kuku. Maziwa yalikuja mlangoni yakiwa bado na joto la ng'ombe. Nyanya za Yatta, zinazokuzwa kwa maji ya mfereji mkubwa wa kunyunyizia mashamba, zilikuwa bei ya kuokota. Ndengu na mbaazi, usiseme. Nililala usingizi ambao Kayole, kwa kelele zake, sikuwahi kuupata. Nilimwandikia dada yangu Murang'a barua nikamwambia tumechelewa sana kuhama.

Sikumwandikia habari za maji. Mabomba yalikuwepo, lakini siku yalipotoa kitu ni upepo. Maji tuliletewa na mkokoteni wa punda, mtungi kwa mtungi, kutoka kisima cha kuchimbwa, na yalikuwa ya chumvi. Chai ilikuwa na ladha yake. Sabuni ndiyo ilinimaliza. Mche uliokuwa ukinifulia wiki mbili Nairobi, Kithimani uliisha siku tano, na povu sikuliona. Nilinung'unika nyumbani, nikanunua mche mwingine, na wala haikunijia kwamba hilo linahusiana na kazi yangu. Kapu liliandika bei ya mche mmoja wa sabuni, na bei ya mche ilikuwa sawa kila mahali.

Soko la Kithimani lilikuwa na mama mmoja muuza ndengu, jina lake Mbithe. Ndiye aliyekuwa kibanda changu cha ndengu kwenye orodha. Mara ya kwanza nilifika kwake kama nilivyozoea, nikaonyesha kidole, nikatoa pesa. Hakuzipokea.

"Sisi kwanza tunasalimiana, mwaitu," aliniambia. Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama kwa heshima. "Wi museo?"

Nikajibu kwamba mimi ni mzima. Akauliza nimetoka wapi, bwana wangu anafanya nini, watoto ni wangapi. Mwezi wa pili aliniuliza, "Baba Njeri amepona ile mgongo?" Mwezi wa nne binti yake alijifungua, nikapeleka leso na unga wa uji, kwa sababu ningekosa adabu nisipopeleka. Na huko kwao mtu akishakuwa wako, ukishamwaga gorogoro kwenye mfuko wake unaongeza konzi moja ya mkono, wakati mwingine mbili. Hiyo ni nyongeza. Nilikuwa napokea, nashukuru, naenda pembeni ya kinu cha kusaga, napima kila kilichotiwa kwenye mfuko wangu kama nilivyofundishwa, na naandika. Muuza nyanya hivyo hivyo, muuza nyama hivyo hivyo. Kwa mwaka mzima nilipeleka Nairobi bei za mtu anayependwa.

Mwaka ulipokwisha ilikuja barua kutoka Nairobi. Mkuu wa Kituo, mwanamume mpole mwenye tabia ya kusafisha miwani kwa tai, alituita wote wanne ofisini: mimi, karani, dereva Mutua na mlinzi. Akaisoma mara mbili. Kwa kuwa ripoti zinaonyesha kwamba maisha Kithimani ni rahisi mno kuliko mji mkuu, Mkurugenzi anapendekeza kuondoa marupurupu ya mazingira magumu kwa wafanyakazi wa kituo. Kama kituo kina la kusema, kije kilisemee Nairobi baada ya wiki tatu.

Yale marupurupu ndiyo yaliyokuwa yakinunua maji nyumbani kwetu sote. Mutua alikuwa na watoto wanne na mama mgonjwa. Alinitazama, na hakuninyamazia.

"Mama Njeri, hizi makaratasi zako ndizo zimetumaliza. Mimi niko na nyumba inakunywa mitungi sita kwa siku. Hiyo umeandika wapi?"

Nilienda nyumbani nimekasirika, na mtu aliyekasirika hutafuta wa kumlaumu, kwa hiyo nikaamua Nairobi wamekosea hesabu. Ili nithibitishe, asubuhi yake nilimtuma Baba Njeri kwa Mbithe. Alikuwa hajawahi kukanyaga upande ule wa soko, maana kiwanda chake kilikuwa stejini, kwenye matatu. Nikampa pesa zilezile, nikamwambia anunue gorogoro moja ya ndengu na asitaje jina langu. Aliporudi niliutundika mfuko kwenye mizani.

Ulikuwa mwepesi. Nikaupima tena. Kisha nikatoa ndengu zangu za wiki hiyo, nilizonunua mwenyewe, nikazipima, nikakaa chini.

"Nini?" Baba Njeri akauliza.

"Ni mimi," nikasema. "Waliokosea si Nairobi. Ni mimi."

Niliona aibu ambayo sitaki kuipunguza hapa ili nionekane mwerevu. Miaka tisa ya kazi safi, kisha napumbazwa na konzi ya ndengu! Nilimwambia Mkuu wa Kituo siku hiyohiyo. Alivua miwani, akaisafisha kwa tai muda mrefu.

"Unajua ukisimama mbele ya Mkurugenzi useme ulikosea mwaka mzima, anayerudi nyumbani ni wewe," alisema. "Marupurupu yanaweza kubaki, na wewe usibaki."

"Najua."

"Na nikikwambia unyamaze, tupiganie kwa njia nyingine?"

Nilimwambia hakuna njia nyingine, kwa sababu kila njia ingepitia kwenye karatasi zangu. Usiku ule sikulala vizuri, lakini asubuhi nilikuwa nimekwisha kuamua, na nikiamua huwa ni mbishi kuliko punda wa maji.

Wiki mbili tulirudia kapu lote. Nilinunua kwa mikono ya watu ambao wauzaji hawakuwajua: mke wa mlinzi aliyekuwa ametoka Ndithini juzi tu, fundi wa baiskeli, na Baba Njeri mpaka akachoka. Kila kitu kilipimwa bila nyongeza. Nyumba saba za Kithimani niliziomba ziniwekee alama ukutani kila mtungi ulipoingia na kila mche wa sabuni ulipoisha. Mwisho nikapata jibu la kweli, na ukweli haukuwa upande wetu moja kwa moja. Chakula na kodi vilibaki nafuu kuliko Nairobi, lakini si kwa kiasi nilichokuwa nimeandika. Kisha maji na sabuni vilikuja vikala ile nafuu karibu yote. Kapu la ofisi lilikuwa na maji ya bili ya mwezi, kama ya Nairobi, na kwetu hakuna aliyepata bili. Kwa hiyo mstari wa maji ulikuwa mtupu, na mtupu ulihesabiwa kuwa bure.

Siku ya kikao tuliondoka Kithimani alfajiri, Mutua akiendesha, na nyuma ya gari kulikuwa na mtungi mmoja wa maji ya kisima chetu. Askari wa geti la ofisi Nairobi alikataa nisipite na mtungi.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ushahidi," nikamwambia.

"Na ndani?"

"Maji."

Alifungua kifuniko, akanusa, akaonja kwa kidole, akakunja uso. "Pita nayo," akasema. Hapo nikapata moyo.

Mkurugenzi alikuwa mama mrefu asiyecheka ovyo, na meza yake ilikuwa na maafisa sita. Mkuu wa Kituo alinitambulisha. Nikasimama, nikaanza na kosa langu. Nilieleza nyongeza, nikaeleza ndengu za Baba Njeri, nikasema bei zote za mwaka ule ziko chini na aliyeziandika ni mimi peke yangu. Kisha nikaomba beseni.

Walinitazama kama nimeomba ng'ombe. Mhudumu wa chai akaleta beseni mbili. Moja nikatia maji ya bomba la ofisi, nyingine maji ya Kithimani. Nikatoa mche wa sabuni nilioukata vipande viwili sawa, na leso mbili chafu, nikamwomba afisa yeyote afue. Hakuna aliyesogea. Mkurugenzi akavua saa, akakunja mikono ya blauzi.

"Nilifua nguo za ndugu sita nikiwa mtoto," alisema. "Lete."

Leso ya kwanza ilitoa povu mpaka likamwagikia karatasi za watu. Ya pili alisugua. Akaongeza sabuni, akasugua. Maji yakapata utando mweupe kama maziwa yaliyokatika, na povu hakuna. Alisugua kwa hasira sasa, jasho likamtoka, na kile kipande cha sabuni kikawa kama kidole. Leso bado ilikuwa na doa.

"Na haya mnayanunua?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kwa mtungi, Mkurugenzi. Yanaletwa na punda."

"Nimetia sahihi ripoti zenu zote," alisema polepole, "na mstari huu nilidhani ni bure." Akakausha mikono. "Marupurupu hayaguswi. Maji ya mtungi yaingie kwenye kapu, na yaingie kila kituo ambacho watu wananunua kwa mtungi. Sabuni ihesabiwe inavyotumika."

Kisha akanigeukia. Nilijua imebaki zamu yangu.

"Wewe utaniandikia kosa lako lote, kurasa tatu, bila kujitetea. Kila mkusanyaji mpya katika nchi hii atalisoma kabla hajapewa mizani." Akavaa saa yake. "Jumatatu uwe kazini."

Mutua alikuwa akingoja kwenye maegesho. Nilimwonyesha tu dole gumba nikiwa mbali, na yule mwanamume mzima aliyenikemea mbele ya watu aliruka. Aliruka kweli! Tulinunua kuku wa kuchoma Thika tukala ndani ya gari, Mkuu wa Kituo naye akilamba vidole na kupangusia kwenye ile tai.

Nilifanya kazi miaka ishirini na minne zaidi, kwanza Kithimani, kisha Mitaboni nikiwa Msimamizi wa Bei mwenyewe. Zile kurasa tatu bado zinasomwa. Wakusanyaji wapya huja kunisalimu na macho ya kicheko, nami nacheka nao, kwa kuwa najua ni nyumba ngapi katika pande kavu za nchi hii ambazo maji yao sasa yanahesabiwa. Nimejivunia mambo machache maishani, na hilo ni la kwanza.

Siku ya kustaafu mtu hupewa lori la ofisi limpeleke na mizigo yake kwao. Kuna fomu. Mutua, aliyekuwa dereva wetu Mitaboni pia na amebakiza mwaka mmoja naye aondoke, aliileta na kalamu yake.

"Andika tujue tunatoa mafuta ya wapi," alisema. "Murang'a ama Nairobi? Nimekwisha kuangalia barabara zote mbili."

Tulikuwa tumekaa na Baba Njeri jioni nyingi tukipiga hesabu hiyo, na mimi hesabu ndiyo kazi yangu. Tuliweka kodi, maji, hospitali, nauli ya kwenda kwa wajukuu, na watu wa kutuzika. Niliandika kwa herufi kubwa: MITABONI. Mutua akaisoma, akanitazama, akasoma tena.

"Mwaitu, kutoka hapa ofisini hii ni kilomita mbili tu."

"Basi hutachoka," nikamwambia.

Alikunja fomu akaitia mfukoni, tukapakia mizigo, akapanda lori, akapiga honi kutoka getini hadi mlangoni kwangu, na kila tulipopita watu walitoka nje kuuliza ni harusi ya nani.